Walinipeleka Kufua Ili Nijiandikie Barua ya Kuacha Kazi

Admin, ficha jina langu. Na nyinyi wa kuchekelea wazee mtandaoni, piteni mbele. Nina miaka sitini na moja, shule niliachia darasa la nne, lakini mimi si mjinga.

Nimepika kwa hoteli moja Mwingi miaka kumi na mbili. Madereva wa malori ya Garissa wanasimama hapo kwa sababu ya muthokoi wangu wa mahindi ya kukobolewa na maharagwe, si kwa sababu ya rangi ya ukuta. Mwenye hoteli ni mzee wa kanisa letu. Mwaka huu amemwachia mke wa mwanawe aisimamie, na tangu huyo msichana aingie, mimi nimekuwa mwiba.

Kwanza sufuria zangu zikapewa mwingine, mimi nikapelekwa kufua mashuka ya vyumba vya kulala wageni. Nikafua. Halafu nikaambiwa niwe nafika saa kumi na moja alfajiri, na wanajua natoka mbali. Nikahamia kwa dada yangu hapo mjini, sikuchelewa hata siku moja. Juzi akaniita ofisini, sauti tamu kama ya mtu anayekopa, eti leo mimi ni susu, nyanya yake.

"Susu, umechoka. Si uandike tu barua useme unaacha kazi, ukakae na wajukuu?"

Nikamwambia, "Kama mmenichoka nifukuzeni nyinyi. Mkono wangu kwenye barua mnautakia nini?"

Hapo ndipo nikanusa kitu: wakinifukuza wao, kuna pesa watanilipa. Nikasema basi nilipwe likizo zangu, maana tangu niingie sijaenda hata moja. Akatoa kitabu cha likizo. Kila Desemba, sahihi yangu, eti nimeenda likizo siku ishirini na moja! Jamani. Hicho kitabu mzee alikuwa anakileta baada ya maombi ya kufunga mwaka, tukigawiwa unga wa ngano na mafuta ya kupika. Mtu ameomba mpaka machozi yakamtoka, utamwambia ngoja kwanza nisome? Tulitia sahihi tukijua ni ya unga. Hilo ni kosa langu, nalijua, msinirudishie.

Lakini nikamuuliza, "Desemba ile uliolewa, kitabu kinasema nilikuwa nyumbani. Pilau ya harusi yako ilipikwa na malaika?"

Akafunga kitabu.

Sasa mzee amenipigia mwenyewe. Jumatatu niende kwake, pasta atakuwepo, "tumalize kikristo, mama." Barua imeshachapwa kwa jina langu. Nikisaini napewa mbuzi mmoja, na itakuwa nimeacha kazi kwa kupenda kwangu, sina neno tena. Nikikataa, kanisani nitaitwa mwenye moyo mgumu. Na huyo pasta anakula hapo hotelini kila wiki, sijawahi kumwona akilipa. Mwenzangu anayepika chai hapo hotelini aliapa atashuhudia kwamba sijaenda likizo. Jana nimemkuta amepewa aproni mpya na funguo za stoo. Nimemsalimia, akaangalia chini.

Wanaojua sheria ndio wajibu. Maombi nimeombewa ya kutosha. Nikiacha kwenda kazini watasema nimetoroka? Jumatatu nipande gari ya Kitui niende ofisi ya leba, ile ya serikali ya wafanyakazi, ama niende kwa mzee nimkatalie pasta akisikia? Msiniandikie pole. Niambieni la kufanya, na mniambie kabla ya Jumapili, kwa sababu ibadani watanikalisha mbele waniombee nilainike nisaini.