Papa wa Unga wa Mchele

Hapa shuleni kwetu Kerugoya, mwalimu Phyllis anajulikana kwa mambo mawili: kufundisha fizikia hadi mtu wa Kiswahili kama mimi aielewe, na kuweka kinyongo. Mimi ni rafiki yake na sitamtetea. Kinyongo cha mwaka huu tulikibeba pamoja.

Kilianzia kwa mwanafunzi wake, Wangechi, mtoto wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Bahari hajaiona hata siku moja, lakini alikuwa amesoma kwamba papa humpata samaki aliyejifukia mchangani bila kumwona wala kumnusa. Kila kiumbe hai majini huvuja umeme kidogo, hasa pale anapopumulia, na maji ya chumvi huubeba. Puani mwa papa kuna vitundu, na kila kitundu ni mdomo wa mfereji mwembamba uliojaa ute. Kuta za mfereji hazipitishi umeme, ute unaupitisha. Basi umeme wa nje hufika hadi chini kabisa, kwenye chembe zinazoulinganisha na ule wa ndani ya mwili. Tofauti ikiwepo, hata iwe ndogo namna gani, papa anajua.

Wangechi aliijenga pua hiyo mwaka jana, kwa ajili ya kongamano la sayansi la shule za eneo letu. Beseni la maji ya chumvi, betri chini ya mchanga, mirija myembamba ya plastiki, na badala ya ute, uji mzito wa unga wa mchele wa kwao. Sindano ya mita ya umeme ikacheza. Tulipiga makofi kama wendawazimu.

Mmoja wa waamuzi alikuwa Theuri, mwalimu wa fizikia kutoka upande wa Nanyuki. Alitabasamu, akaipiga picha chati ya Wangechi yenye mchoro na orodha ya vifaa, kisha akampa alama za kumzamisha. Miezi michache baadaye akaweka kwenye kundi la WhatsApp la walimu chati "yake" mpya. Alikuwa amenakili kila kitu, hata samaki ambaye Wangechi alimchora mkia uliopinda. Mtoto alipoiona hakulia. Aliacha fizikia, akachukua somo lingine.

Phyllis hakuandika chochote kwenye kundi. Alinionyesha simu tu.

"Umeona hiyo chati? Haina chumvi."

Kumbe Wangechi alitia chumvi kwenye uji lakini akasahau kuiandika. Uji usio na chumvi haupitishi umeme wa maana, sindano hulala. Mwizi alikuwa ameiba hata kosa.

"Mwambie basi," nikasema kwa mzaha.

"Nimwambie? Wacha apike hiyo uji yake. Ajifukie vile anataka, bora anapumua. Nitampata."

Akaomba kuwa mwamuzi.

Kongamano la mwaka huu lilikuwa Nyeri, nami nikaenda kumsindikiza. Kwenye meza ya Theuri alisimama mwanafunzi wake, msichana aitwaye Khadijo, sare yake imepigwa pasi ikanyooka. Mwalimu haruhusiwi kumjibia mwanafunzi, kwa hiyo Theuri alisimama nyuma pamoja nasi watazamaji, mikono mfukoni. Nilikuwa nikingoja kwa hamu mbaya sindano ilale.

"Hii uji iko na nini ndani?" Phyllis akauliza.

"Unga ya mchele, maji na chumvi, mwalimu."

Khadijo akazamisha mrija majini. Sindano ikaruka.

"Chumvi umetoa wapi? Kwa chati haiko."

"Ile ya kwanza sindano ilikataa kusonga. Nikafikiria, kama bahari iko na chumvi, hii ute pia lazima ibebe umeme kama bahari. Nikaongeza."

"Na hiyo mchoro?"

"Ni mwalimu Theuri alichora mwenyewe," akasema kwa fahari.

Nilimfuata Phyllis nje ya ukumbi. "Huyu msichana hana makosa."

"Najua."

"Na ukimpitisha?"

"Nikimpitisha, Theuri ndiye anaenda kongamano la taifa na papa wa Wangechi." Akaandika sifuri penye ubunifu. Kwa hasira niliyokuwa nayo, sikumzuia.

Matokeo yaliposomwa, Khadijo hakuwemo miongoni mwa waliopita. Alikuja moja kwa moja kwa Phyllis.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Phyllis alimfungulia kwenye simu picha ya mwaka jana: Wangechi kando ya chati yake, na samaki wa mkia uliopinda. Kisha akamwongoza hadi pale Theuri alipokuwa akinywa soda na walimu wenzake. "Muulize huyu."

Khadijo alimwonyesha Theuri picha. Aliposema, alisema kwa heshima, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mwalimu, uliniambia ni yako. Hata mama nilimwambia ni yako."

"Tutaongea tukifika," Theuri akasema, akiangalia chupa yake ya soda. Walimu wakasogea mbali naye mmoja mmoja. Ndiyo sura tuliyoingojea mwaka mzima, na sikatai, niliifurahia mno.

Khadijo alirudi mezani, akaanza kumwaga uji wake kwenye ndoo. Phyllis akamfuata, akakunja mikono ya sweta ili amsaidie. Msichana akalivuta beseni upande wake.

"Wacha tu, mwalimu. Nitaosha mwenyewe."