Binti wa Moiben Anayemwamsha Mjerumani Jeddah

JEDDAH. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua bado halijafika kwenye bati la karakana, na Priscah Jepkoech amekwisha piga magoti kwenye saruji. Mkono wa kushoto una kitambaa, wa kulia una kopo la oili lenye mdomo mrefu. Anafuta kizibo kidogo cha chuma, anakifungua, anatia oili, anakifunga, anafuta tena. Kisha anatamka kwa sauti: "Akenge."

Anasogea kidogo. Anafuta, anafungua, anatia, anafunga. "Aeng'."

Anahesabu kwa Kikalenjin, moja, mbili, na hatakunywa chai mpaka afike pingili ya mwisho ya minyororo miwili mizito. Pingili hizo ni zaidi ya mia moja.

Minyororo hiyo ni ya gari la tani nane. Mbele lina magurudumu mawili kama lori, nyuma linatambaa kama katapila, na mgongoni limebeba mzinga mrefu wa kuvunjia vifaru. Lilitengenezwa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika karakana hii ya kusini mwa Jeddah hawalitaji kwa jina lake refu la kijeshi. Wanaliita Mjerumani.

Mzinga umezibwa kwa chuma na kuchomelewa, hautapiga tena. Jepkoech huutumia kuanikia vitambaa vyake.

"Silaha ya vita imegeuka kamba ya nguo," anatania Yassir, fundi mkuu, Mzanzibari mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Wenyewe waloiunda wakiyaona haya watalia."

"Wacha walie, Ami," anajibu Jepkoech bila kuinua kichwa. "Tangu izaliwe haijawahi kupewa kazi safi kama hii."

Anacheka, lakini leo si siku ya mzaha. Saa tatu kamili Mjerumani anatakiwa apande trela kwa nguvu zake mwenyewe, apelekwe Riyadh kwenye maonyesho ya magari ya kale. Mwenye gari, mhandisi mstaafu Hashim, alitoa ahadi mbele ya karakana nzima: likipanda, Jepkoech atabadilishiwa kazi kwenye ikama, kile kitambulisho cha mkazi, kutoka mfanyakazi wa nyumbani hadi fundi. Lisipopanda, litavutwa kwa winchi, naye atarudi jikoni kwa Hashim, mtaa wa Al-Hamra, mpaka mkataba wake uishe mwezi Machi.

"Kwangu ni neno moja tu kwenye kadi," anasema. "Lakini hilo neno nimelitafuta tangu nikiwa Eldoret."

Jepkoech ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Moiben, Kenya, katika nchi ya ngano, ambako baba yake, Mzee Elijah, alipaka grisi kombaini za shamba kubwa kwa miaka thelathini na hakuruhusiwa hata siku moja kukalia kiti cha dereva. Alimfundisha binti yake alichokuwa nacho: futa kwanza, tia grisi, futa tena, kisha hesabu kila tundu la grisi kwa sauti ili usiruke hata moja. Na kwa kuwa udongo wa Moiben ni wa matope, alimwongezea sharti lingine: paka na nje, nene, maji yasiingie.

Alipomaliza shule alizunguka gereji za Eldoret akiomba kazi. "Walinicheka. Mmoja aliniambia, 'Madam, kwani umekuja kuchukua gari ya bwanako?'"

Mwaka 2016 akaenda Riyadh kufanya kazi za ndani, na miaka miwili baadaye akahamia Jeddah, kwa Hashim na mkewe, Zeinab. Mshahara wake ulikuwa riyali 900 kwa mwezi.

Habari za mabinti wetu Saudia zimejaa machozi, na machozi yale ni ya kweli. Jepkoech anawajua waliolia. Lakini yeye hataki maisha yake yaingizwe kwenye fungu hilo kwa nguvu. "Andika vile ilikuwa," anasisitiza. "Mimi nilipata watu. Nikisema sikupata, nitakuwa mwongo, na Mungu ananiona."

Alivyowapata ni hivi. Mwaka 2018 wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, Madam Zeinab alikuwa miongoni mwa wa kwanza mtaani kwao kuchukua leseni. Wiki ya tatu, wakiwa wawili, gurudumu lilipasuka barabara ya pwani, naye akaanza kumpigia simu mumewe. Kabla simu haijapokelewa, Jepkoech alikuwa amekwisha toa jeki, amekunja abaya yake kiunoni, na anafungua nati ya pili.

"Nilimuuliza nani kakufundisha," anakumbuka Madam Zeinab kwa sauti ya kicheko. "Akasema, 'Baba.' Nikamwambia mume wangu usiku ule: wewe unatafuta mafundi dunia nzima, na mmoja anakukaangia mayai."

Wakati huo Hashim alikuwa amenunua Mjerumani kwenye mnada wa Ulaya. Liliposhushwa bandarini lilikuwa halitembei, minyororo yake mikavu kama mifupa. Akaanza kumleta Jepkoech karakanani kila alasiri, baada ya kazi za jikoni.

Yassir hakumpokea kwa maua. "Nlimwambia, 'Bibie, hili si sufuria la pilau, ati ukilitia mafuta limeiva.'"

"Na mimi nikamwambia, 'Sawa, Ami. Ikiiva utaomba sahani.'"

Kuna wanaoamini kwamba mkono wa binti wa Kiafrika ukivuka bahari haujui ila deki na pasi. Hao wangefika hapa wakamwona alivyochomoa yale magurudumu ya ndani yaliyopandana kama magamba ya samaki, moja nyuma ya jingine, akayapanga sakafuni kwa mfuatano ili kila moja lirudi mahali pake. Yassir mwenyewe anakiri kwamba siku ile alisahau kejeli zake.

Lakini mwezi Agosti mwaka huu, 2021, Jepkoech alifanya kosa ambalo mtu wa jangwani asingelifanya.

Alitia oili ndani ya kila pingili kama inavyotakiwa. Kisha akafanya kama alivyofundishwa Moiben: akapaka grisi na nje, nene, minyororo yote miwili ikang'aa. Gari likakaa uani siku mbili, upepo wa mchanga ukivuma.

Siku ya tatu Hashim aliwaita rafiki zake. Injini ikaunguruma. Mjerumani akaenda hatua thelathini hivi, halafu ikasikika sauti ya kusaga, kama mtu anatafuna kokoto. Pingili moja ikakataa kujikunja, mnyororo wa kushoto ukapanda juu ya gurudumu na kuanguka ubavuni. Grisi ya nje ilikuwa imeshika mchanga wote wa uani, na mchanga ukaingia ndani kula chuma.

Wageni walitazama chini. Hashim alisema neno moja tu, "Halas," yaani basi, akaingia garini mwake akaondoka.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Jepkoech. "Nikampigia baba nikilia. Nikamwambia nimefanya vile ulinifunza. Akaniambia, 'Mimi nilikufunza matope. Mchanga siujui. Uliza wenye mchanga.'"

Akamgeukia Yassir, mtu aliyekuwa akimkejeli miaka yote hiyo, akamwomba amfundishe. Yassir hakucheka. Alichukua kiti kidogo akaketi kando ya mnyororo ulioanguka.

"Nlimweleza: huku, mwanangu, oili hukaa ndani, nje pawe pakavu kama sahani ilooshwa. Kinachong'aa kwa nje ndo kinachokula chombo," anasema. "Na mie nna kosa langu. Nlimwona akipaka siku ile, nkakaa kimya. Nlitaka nione mwisho wake."

Walifanya kazi bega kwa bega wiki saba. Kila pingili ilifunguliwa, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikapulizwa kwa upepo wa pampu. Iliyokwama haikufaa tena, beringi zake zilikuwa zimesagika, ikabadilishwa. Madam Zeinab alipika mwenyewe chakula cha mchana siku hizo zote ili Jepkoech atoke mapema. "Wali uliungua mara nne," anasema Jepkoech. "Baba Hashim alikula bila kulalamika. Hapo nikajua amenisamehe." Siku chache baadaye ndipo Hashim alipotoa ile ahadi.

Saa tatu kasoro dakika tano, pingili ya mwisho imefungwa na kufutwa. Trela limeegeshwa, ngazi zake mbili za chuma zimeshushwa. Hashim anazunguka gari mara moja, mikono nyuma. Anapitisha kidole kwenye mnyororo, anakitazama. Kikavu.

Yassir anapanda kuelekea kiti cha dereva. Hashim anamzuia kwa mkono.

"La. Aliyemlisha ndiye amwendeshe."

Jepkoech anamtazama Yassir. Yassir anashuka. "Yalla, panda. Wangojani, mwaliko?"

Usukani wa Mjerumani umelala kinyume, sehemu ya juu imemwelekea dereva, na ukiukata sana breki hushika mnyororo wa upande mmoja, gari likageuka ghafla. Uani hilo ni raha. Juu ya ngazi mbili nyembamba ni kuanguka.

Injini inawaka kwa jaribio la pili. Mjerumani anasogea. Magurudumu ya mbele yanagusa ngazi, yanapanda, mdomo wa mzinga unainuka kuelekea angani na vitambaa viwili vilivyosahaulika vikipepea juu yake. Minyororo inauma chuma. Uso wa Jepkoech umetulia, masikio tu ndiyo yanafanya kazi. Katikati ya ngazi gari linaelemea kushoto kidogo.

"Usikate!" anapiga kelele Yassir. "Usikate usukani! Mwache!"

Hakati. Anapunguza moto, anasubiri uzito utulie, anaongeza tena. Mnyororo unaitika pingili kwa pingili, bila kusaga, mpaka tani nane zote zinatua juu ya trela na injini inazimwa.

Kisha Yassir anapiga kofi ubavu wa gari. "Haya, shuka, fundi! Leta sahani yangu!"

Ni mara ya kwanza kumwita hivyo.

Hashim ananyoosha mkono aombe ikama ya Jepkoech. Anaipiga picha kwa simu mbele na nyuma, anaituma kwa mtu anayemshughulikia makaratasi, anamrudishia. "Wiki mbili, inshallah," anasema. "Na mshahara ni wa fundi kuanzia leo."

Jepkoech anashukuru kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yake. Anashukuru hata wali ulioungua.

Mpango wake hauna maneno mengi. Miaka miwili ya kazi ya fundi, barua ya uzoefu yenye mhuri, kisha gereji ya kombaini na matrekta pale Moiben. Mteja wa kwanza anamjua tayari: mwenye shamba alikofanya kazi baba yake. Kombaini ya kwanza itakayotoka ikiwa nzima, Mzee Elijah ataketi kiti cha dereva na kuizungusha shambani.

Lakini kabla ya kupanda lori la trela ili amsindikize Mjerumani Riyadh, Jepkoech anafungua mfuko wake na kutoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ni ile pingili iliyokwama Agosti. Aliomba apewe, Hashim akampa.

"Hii nitaitundika mlangoni kwa gereji," anasema, akiifuta ingawa ni safi. "Mtu akiniuliza nilisomea wapi hii kazi, sitamwonyesha cheti kwanza. Nitamwonyesha hapa nilikosea, na nimtajie wale hawakunifukuza."