Watu Wasiojua Fedha

Wanafunzi walimwita Madam Zungushia, na jina likamganda. Kila alipomaliza kusoma swali aligonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusema, "Zungushia!" Hakuwa na muda wa fikirini wala jadilianeni. Watu hawakupanda ngazi zile kuja kufikiri. Walikuja kutafuta kazi serikalini, na mlango wa serikali ulikuwa mtihani wa maswali ya kuchagua, uliojaa matukio ya sasa: benki ipi imeungana na ipi, riba imepanda au imeshuka, sarafu za mtandaoni zimepigwa marufuku wapi, kabila gani lina mila gani. Yote hayo yalimezwa kwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi, kinachonuka mpira mpya, kwenye mabenchi yasiyo na mgongo.

Alikuwa na hasira na karibu kila kitu kilichokuwemo humo. Aliwachukia mafundi wa chini waliogonga rimu wakati yeye anasomesha. Aliyachukia maswali yenyewe. Zaidi ya yote alimchukia mwenye kituo, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Mbinu kwa sababu ukutani aliandika kwa rangi nyekundu kwamba ana mbinu za kufaulu mtihani wowote. Mbinu yenyewe ilikuwa moja tu, nayo ni kijitabu cha kila mwezi alichokiokoteza mtandaoni, kikapigwa chapa kwenye karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Asiyekinunua hakukaa darasani.

Ndani ya kijitabu hicho, baada ya Fedha na kabla ya Michezo, kulikuwa na sehemu iitwayo Makabila na Mila. Kila kabila lilipewa mistari miwili na hapo likaisha. Wavuvi wa ziwani ni wakarimu. Wafugaji wa nyikani ni wakali. Watu wa mlimani hawajui fedha. Mpaka leo hubadilishana asali na ngozi.

Darasa halikukosa kucheka lilipofika hapo. Madam naye aliisoma mistari ile kwa macho makavu, akagonga ubao, akasema zungushia. Hakuna aliyejua kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa mlimani, kazaliwa huko na kukulia huko. Alipoomba kazi alijaza jina la ukoo wa marehemu mume wake na kujitia hamnazo. Lafudhi aliisugua mpaka ikatoka. Alijiambia kwamba mistari miwili haimuui mtu, tena alijiambia hivyo huku akijua kabisa kwamba kilichomsomesha yeye ni meza ya vitunguu ya mama yake sokoni, na kwamba hakuna chuo duniani kinachopokea asali.

Jumatatu moja Bwana Mbinu akaingia na toleo jipya mkononi, meno yote nje.

"Safari hii nimewaunganishia Fedha na Makabila pamoja," alisema. "Hili haliwezi kukosa kwenye mtihani. Hapa kuna mila, hapo kuna sarafu ya mtandaoni. Mtu anakula mara mbili kwenye sahani moja."

Madam akafungua. Kijitabu kilisema kwamba watu wa mlimani, jamii ambayo haikuwahi kutumia fedha, wameruka moja kwa moja hadi kwenye sarafu ya mtandaoni. Sarafu yao inaitwa Sarafu ya Mlima, na thamani yake inapanda kila kukicha. Chini palikuwa na picha ya mwanamke mzee aliyevishwa shanga kutoka kidevuni hadi kifuani, kashika simu, kakodoa macho kama mtu aliyekatazwa kupepesa. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu. Madam alilijua kovu lile, kwa sababu yeye ndiye aliyelisababisha, siku alipokuwa mtoto akarusha jiwe kumfukuza kuku.

Alikuwa mama yake.

Alimfuata Bwana Mbinu ofisini, kona iliyokingwa kwa mbao laini, yenye birika la umeme na kalenda ya mwaka uliopita.

"Picha hii umeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Wenye sarafu wenyewe ndio wameiweka. Vipi, haijatoka vizuri?"

"Habari yenyewe ni uongo mtupu. Watu wa mlimani wanatumia fedha kama wewe unavyotumia. Wana soko. Wana benki."

"Umejuaje?"

Ilikuwa nafasi yake ya kujitaja, tena nyeupe, na hakuna aliyemkaba koo. "Nimesoma," alijibu.

"Na mimi nimesoma," alisema Bwana Mbinu, akimimina chai. "Nisikilize, Madam. Watunga mitihani wanaokoteza palepale ninapookoteza mimi. Mwaka jana nusu ya karatasi ilitoka humu, neno kwa neno. Hiyo kweli yako haina alama hata moja. Ukiwafundisha kweli wakafeli, watakuja kunirarua mimi, si wewe."

"Na hiyo sarafu, na wewe umeinunua?"

"Kidogo," alisema, akapuliza chai. "Mtu hujaribu bahati."

Madam alitoka akiwa amekunja uso, akaenda kufundisha riba. Siku hiyo aliruka ukurasa wa picha. Jumanne akauruka. Jumatano wanafunzi wakaanza kunong'ona, maana mtihani ulikuwa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi, alipofika kwenye ngazi, alimkuta mama yake amekaa kwenye kidato cha chini, kafuko mapajani. Alikuwa amesafiri usiku kucha na vumbi la njiani lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Akamsalimu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, mbele ya mafundi wa matairi.

Madam aliitikia kwa Kiswahili. Mama alimtazama, akafuata Kiswahili.

"Sokoni hakukaliki, mwanangu," alisema. "Walikuja vijana na gari. Wakasema wanaandikisha wazee. Wakatoa shanga kwenye begi lao wenyewe, wakanivisha, wakanipa simu niishike. Nikawauliza, mbona simu yenyewe imezimwa? Wakasema mama, wewe shika tu. Baadaye picha ikazunguka kwenye simu za watu kwamba mimi nimetajirika na hiyo sarafu. Wenzangu wote sokoni wakanunua kwa kuiona sura yangu. Sasa wenye sarafu hawapatikani, na anayepatikana ni mimi."

"Wamekufanya nini?"

"Meza wameipindua. Hakuna anayenunua kwangu. Nikipita wanatema mate. Hata jirani yangu wa nyanya, yule tuliyezeeka naye, ananiita tapeli." Alifuta kovu lake kwa kidole, kama afanyavyo akizuia machozi. "Wewe ni mwalimu wa habari. Watu wanaandika unachosema. Nimekuja useme kwamba mimi nilidanganywa. Useme kwa jina langu, nikirudi niwaambie mwanangu amesema mbele ya watu."

Kitu kidogo hicho. Hakuomba wakili wala kiti cha ubunge. Na Madam, badala ya kumshika mkono wampandie Bwana Mbinu palepale, alitazama huku na huku kama mwizi.

"Kaa nyuma ya darasa, mama. Tutaongea nikimaliza. Mtu akikuuliza, sema unamsubiri mtu."

"Namsubiri nani?"

"Mtu tu, mama. Tafadhali."

Mama akapanda, akakaa benchi la mwisho karibu na dirisha, kapakata kafuko. Wanafunzi walidhani amekuja kuomba kazi ya usafi. Msichana mmoja akamwambia shikamoo bibi, akaitikia, basi.

Madam alianza na benki kuu, akaenda kwenye mfumuko wa bei, akazunguka huko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe Mama Mapacha akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, mwenye mapacha nyumbani na umri uliobakiza mtihani huu mmoja tu kabla ya serikali kumwona mzee.

"Madam, samahani. Ule ukurasa wa sarafu ya kabila umeuruka tangu Jumatatu. Bwana Mbinu anasema haukosi. Tunaomba."

Bwana Mbinu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Akatikisa kichwa kuunga mkono.

Madam akafungua ukurasa. Akasoma swali la mazoezi kwa sauti isiyo na chumvi. "Jamii ipi haikuwahi kutumia fedha kabla ya kuanzisha sarafu yake ya mtandaoni? A, wavuvi wa ziwani. B, watu wa mlimani. C, wafugaji wa nyikani. D, hakuna jibu sahihi."

Darasa likacheka lilipofika B, kama kawaida. Mtu akasema, "Hao jamaa wametoka kwenye ngozi mpaka mtandaoni, hata duka hawajapitia!" Kicheko kikaongezeka. Yule msichana aliyesalimia akageuka nyuma kucheka na mwenzake, akamwona mzee karibu na dirisha. Akaitazama picha. Akamtazama tena mzee.

"Madam! Si ndiye huyu?"

Mabenchi yakalia, vichwa vyote vikageuka. Mzee hakujificha.

"Ndiye mimi," alisema.

Walifurahi, watu wale. Wengine walisimama wamwone vizuri, mmoja akatoa simu apige picha. "Bibi, ni kweli hukuwahi kushika fedha maisha yako yote?"

Mama alimtazama mwanawe pale mbele, chaki mkononi. "Muulizeni mwalimu wenu," alisema taratibu. "Karo yake niliilipa na nini?"

Mafundi wa chini wakasikika wakibishana. Madam aliona aibu ikipanda mpaka masikioni, na haikuwa aibu ya mlimani. Ilikuwa aibu ya miaka yote aliyoisoma mistari ile na kugonga ubao.

"Ni mama yangu," alisema. "Mimi ni mtu wa mlimani. Mama yangu ameuza vitunguu tangu sijazaliwa. Vijana walimpiga picha kwa ulaghai, wakavuna fedha za watu kwa uso wake. Hiyo sarafu ni utapeli. Kijitabu hiki kinasema uongo, na mimi nimewasomea uongo huo kila mwaka."

Amesema! Mzee kule nyuma akanyoosha mgongo, akakaza mshiko wa kafuko kake. Uso ulianza kumkunjuka. Laiti kengele ya saa ya mapumziko ingelia wakati ule, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Mama Mapacha alinyoosha mkono tena. Si mtu mbaya, Mama Mapacha. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Pole sana, Madam. Pole sana, mama. Mungu atawalipa hao." Akashusha macho kwenye kijitabu. "Lakini Jumamosi, Madam. Karatasi ikija na swali hili. Tuzungushie B au D?"

Hakuna aliyecheka. Kalamu zote zilikuwa juu. Madam alimtazama Bwana Mbinu, na yule mshenzi alikuwa anakunywa chai. Alimtazama Mama Mapacha na mtihani wake wa mwisho. D ndiyo kweli, na D ni sifuri. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mitihani iliyopita alikuwa ameisahihisha yeye hapo darasani kwa majibu ya serikali yenyewe. Nyuma kabisa mama yake alikuwa ameinamisha shingo kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Madam?"

"B," alisema. Haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Zungushieni B."

Kalamu zikashuka zote kwa pamoja.

Mama akasimama. Hakugombana na mtu. Alipita katikati ya mabenchi, wanafunzi wakimpisha kwa heshima na kumwambia safari njema bibi, akampita Bwana Mbinu mlangoni bila kumtazama, akaanza kushuka ngazi kwa mkono mmoja ukutani.

Madam akatupa chaki akamkimbilia. Alimkuta chini, kwenye lundo la matairi.

"Mama, nisikilize. Ni swali tu. Wangefeli, mama. Yule mwanamke ana watoto." Alisema mengi, mengine kwa lugha ya nyumbani, na lugha ikamkwama mdomoni kwa kukaa bila kutumika. Mwisho akafungua mkoba, akatoa noti zote zilizokuwemo, akazikunja na kumtia mama yake kiganjani. "Nauli, mama. Na ya kula njiani. Nakuomba."

Mama alizitazama noti zile. Akazinyoosha moja moja, akazipanga kubwa chini na ndogo juu, kama apangavyo mtu wa sokoni anapofunga hesabu. Kisha akauvuta mkono wa mwanawe, akaziweka humo, akazifunika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kaa nazo, Madam," alisema. "Sisi hatujui fedha."