Gauni la Bluu, Namba Kumi na Nne

Dada yangu alivaa namba kumi na nne. Alilitaja hilo kama mtu anavyotaja parokia alikobatizwa, jambo lisilobadilika. Tangu mitumba ianze kujaa sokoni Ifakara, alikuwa akipekua shingo za magauni kutafuta kilebo chenye namba hiyo, na akiipata alikunja gauni na kulitia kikapuni bila kulijaribu. Mara nyingine lilimbana kifuani, mara nyingine lilimning'inia. Aliwalaumu Wazungu. "Hawa watu hawana msimamo," alisema. "Kumi na nne ya huyu siyo kumi na nne ya yule." Lakini namba yenyewe hakuitilia shaka.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kwake kusubiri barua ya ajira ambayo haikuja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na nilikuwa na tabia, ambayo sijaiacha, ya kuliwaza jambo dogo mpaka nikose hamu ya kula. Shemeji tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Dada alianza kukohoa wakati wa mvua za kwanza, na ilipofika mwezi wa tano mifupa ya mabega yake ilionekana hata akivaa sweta. Nyumbani hatukutaja ugonjwa kwa jina. Tulisema kifua. Tulisema malaria imemganda. Majirani nao walisema malaria mbele yetu, na tulijua wanasema nini wakifika bombani.

Binti yake wa miaka kumi alikuwa apokee komunyo ya kwanza siku ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita. Katika parokia yetu mtoto hakwenda altareni peke yake. Mama yake alimfuata nyuma, mkono wa kulia begani kwa mtoto, na walitembea hivyo katikati ya kanisa, polepole, kutoka mlangoni mpaka mbele. Kina mama wa mwaka ule walikubaliana wavae bluu ya anga, kila mtu na mshono wake.

"Naweza kumsindikiza mimi," nilimwambia dada. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akichambua mchele.

"Wewe ni mama yake?"

"Mama mdogo."

"Basi subiri nife kwanza." Aliokota kijiwe, akakitupa kwa kuku. "Nataka nitembee pale kama wenzangu. Watu wamtazame mtoto, wasinitazame mimi. Nitafutie gauni. La bluu. Kumi na nne."

Ningeweza kusema: dada, kumi na nne imeshapita. Nilikaa nayo mdomoni sentensi ile mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa, kisha nikaimeza.

Mtu mwingine angeuliza kwa nini hatukwenda kwa fundi. Fundi alikuwepo, barazani kwake, mita chache kutoka kwetu, na alikuwa fundi mzuri. Shida ilikuwa daftari lake. Kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa na ukurasa humo: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kila ukirudi alikupima upya, akataja vipimo kwa sauti ili asivisahau kabla ya kuviandika, na vile vya zamani vilikuwa hapo hapo juu yake. Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi walisikiliza kama wanaosikiliza redio. Mtu akiongezeka inchi mbili za nyonga walipiga vigelegele. "Ndoa imekukubali, mama!" "Pilau ya nani hiyo?" Dada mwenyewe alikuwa amepigiwa vigelegele hivyo, tena zaidi ya mara moja. Sasa benchi lile lingesema nini siku fundi akitaja kiuno cha dada yangu?

Kwa hiyo nilienda sokoni, Jumamosi ya kwanza, kwenye matope yaliyokuwa yameanza kukauka. Nilipata gauni la bluu, kumi na nne. Nililipeleka nyumbani. Dada aliingia chumbani, na alipotoka mabega ya gauni yalikuwa yamemshuka mpaka karibu na viwiko.

"Hii ya Marekani," alisema. "Wale ni mapande ya watu. Kalete ya Mwingereza."

Nilileta ya Mwingereza. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya Mmarekani, lakini bado angeingia yeye na binti yake pamoja. Aliivua, akairudisha mikononi mwangu bila kunitazama. "Lebo zao za uongo," alisema. "Waulize vizuri."

Usingizi ulinipotea kwa ajili ya magauni. Nilikuwa nimesoma takwimu mwaka mzima chuoni, na nilijikuta nikitengeneza jedwali nyuma ya nakala ya barua ya maombi ya kazi: namba, nchi, upana wa kiuno kwa shibiri zangu. Hakuna kilicholingana. Kumi ilikuwa pana kuliko kumi na mbili. Arobaini ya Wajerumani ilikuwa ndogo kuliko kumi na nne mojawapo na kubwa kuliko nyingine. Kulikuwa na herufi zisizo na namba, na namba zilizofutika kwa kufuliwa. Nilikasirika na watu nisiowajua, wenye viwanda vyao huko, kwamba wameshindwa kukubaliana mwanamke ana ukubwa gani. Kisha nikawaza kwamba hasira ile haiwahusu wao. Kisha nikawaza kwamba kama namba zinadanganya kiasi hiki, lazima kuwe na kumi na nne inayodanganya kwa upande wetu. Kumi na nne nyembamba. Ningeitafuta hiyo, dada angeivaa, naye angebaki kuwa yule yule.

Jumamosi ya tatu nilimwendea muuzaji aliyekuwa amefungua belo jipya. Alikuwa kijana mwenye maneno, kofia imegeuzwa nyuma.

"Sista, karibu. Leo magauni ya harusi, ya ofisi, ya kumkomesha mke mwenzio."

"Natafuta la bluu. Kumi na nne, lakini ndogo."

"Kumi na nne ndogo?" Alicheka. "Hiyo ni sawa na kusema ng'ombe wa Msukuma, lakini mbuzi. Ni lako?"

"La dada yangu."

"Achana na namba, namba zitakutoa roho. Nioneshe mtu. Tupo sokoni hapa, wanapita wa kila saizi. Dada yako ni kama nani?"

Ndivyo walivyofanya kazi wote pale. Ukimnunulia mtu ambaye hayupo, unaonesha mpita njia, na muuzaji anamkadiria kwa jicho, anachomoa gauni. Nilikuwa nimewaona watu wakifanya hivyo huku wakicheka. Nilianza kutazama.

Alipita mama mwenye tenga la dagaa. Hapana. Alipita msichana wa saluni, mwembamba, kiuno kama cha nyigu.

"Yule?"

"Mdogo zaidi."

"Mdogo kuliko yule?" Aliacha kucheka kidogo. "Mrefu au mfupi?"

"Mrefu. Kunizidi mimi."

Nilitazama kulia na kushoto. Kila mwanamke aliyepita alikuwa na mwili. Sikuwa nimewahi kuliona hilo, jinsi watu wa sokoni walivyo na mashavu, na mikono ya juu iliyojaa, na visigino vinene. Niliona aibu kuwatazama hivyo na sikuweza kuacha. Mwishowe akapita mwanafunzi wa shule ya msingi, amevaa sketi ya sare, ndoo ya maji kichwani. Alikuwa wa darasa la sita au la saba, wale wanaorefuka kabla hawajajaa.

"Kama yule," nilisema.

Muuzaji alimtazama yule mtoto mpaka akapotea nyuma ya vibanda vya mchele. Kisha akainama kwenye lundo lake, na hakusema neno lolote la mzaha tena. Alipekua muda mrefu. Alichonipa kilikuwa gauni la bluu la mikono mirefu, lenye kola, refu, la mwanamke mzima lakini jembamba kama mfuko wa mwavuli.

"Hili litamkaa," alisema. "Mikono mirefu, itamsitiri. Pole, dada." Alikuwa ameacha kuniita sista.

Nilitazama shingoni. Nane.

Nilirudi nyumbani na nane ile na wazo ambalo nililiona la busara kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Lile gauni la Mwingereza lilikuwa bado limekunjwa chini ya kitanda. Nilisubiri dada alale mchana, nikafumua kilebo cha kumi na nne kwa wembe, nikakishona kwenye lile jembamba, mahali ilipokuwa nane. Nilikipiga pasi. Nilikitazama karibu na dirisha. Niliwaza kuhusu rangi ya uzi, kuhusu kilebo cha Mwingereza kwenye gauni ambalo pengine lilitoka Italia, kuhusu dhambi, kama hii ni dhambi, na kama ni dhambi inaungamwa kwa maneno gani.

Jioni nilimpa. Alilivaa na likamkaa. Lilimkaa kabisa: mabega mahali pake, kiuno mahali pake. Binti yake alipiga makofi. Dada alijitazama kwenye kioo kidogo, juu, kisha chini, akikishusha kwa mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilikula na kushiba.

Alipolivua alipitisha kidole shingoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, nikiwa darasa la tatu. Alisogeza kola kwenye mwanga.

"Mashine gani hii iliyoshona kama kuku anapekua?"

Nilinyoosha mkono kulichukua gauni, hakuliachia.

"Digrii nzima, sindano hujui kuishika." Alikikwangua kilebo kwa ukucha, lakini hakukitoa. "Ilikuwa ngapi?"

"Dada..."

"Nimekuuliza ilikuwa ngapi."

"Nane."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Kisha akalikunja gauni, kola juu, akaliweka ndani ya sanduku lake. "Kiache hapo hapo," alisema. "Nikifa wakikisoma, waone nilikuwa mtu mzima."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mimi niliyewaza yote, uzi, Italia, kitubio, sikuwa nimewaza hilo. Nilikuwa nimempima dada wa siku ile. Asubuhi ya sikukuu nilipomvalisha, gauni lililomkaa lilikuwa limekuwa pana. Lilimwangukia kama linavyoangukia kigingi. Alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea pembeni, na nilijua anangoja niseme usiende.

"Lete pini," alisema mwenyewe.

Nilikusanya kitambaa mgongoni, nikakibana kwa pini tano za nepi, kuanzia chini ya kola mpaka kiunoni. Kwa mbele alionekana nadhifu. Juu yake alijitanda kanga. Tulitembea hadi kanisani tukipumzika mara mbili, mara moja kwenye ukuta wa nyumba, mara moja kwenye tangi tupu la mafuta lililokuwa kando ya barabara.

Mlangoni mstari ulikuwa tayari, mtoto na mama, mtoto na mama, weupe na bluu. Nilikuwa nageuka kwenda kukaa nilipomsikia mwenyekiti wa kina mama akipaza sauti: "Kina mama, kanga chini! Rangi ionekane!"

Kanga zote zilivuliwa. Dada alinitazama. Kisha akaivua yake, akanikabidhi, na kwaya ikaanza.

Mgongo wake ulikuwa ukielekea barabarani, lakini wakishaingia ungeelekea benchi zote watakazozipita, moja baada ya nyingine. Pini tano zinazong'aa, na kitambaa kilichokunjamana katikati, na mabega mawili kama ncha za hengeri ya nguo. Niliwaza kwamba siruhusiwi. Niliwaza kwamba nikienda nitawafanya watu watazame zaidi. Niliwaza kwamba kanga iko mkononi mwangu na ningeweza kumfunika, na kwamba ataivua tena. Nikiwa bado nawaza hayo nilikuwa nimeshaingia mstarini, kati yake na mtoto aliyefuata, kifua changu karibu kimguse mgongoni.

Katekista alinijia haraka. "Dada, wewe siyo mzazi. Kaa pembeni."

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, kwa sababu ndilo neno pekee lililonijia.

"Marahaba. Toka mstarini."

"Mwache," alisema dada, bila kugeuka. "Ananishikilia."

Hakuwa amewahi kukubali kushikiliwa. Katekista alirudi nyuma, nasi tukaingia. Nilikunja mkono mgongoni kwake, juu ya pini, na kupitia kitambaa niligusa uti wa mgongo, kila pingili peke yake. Benchi za kushoto ziligeuka. Benchi za kulia ziligeuka. Niliweza kuwaziba walio nyuma tu. Wa pembeni waliona kila kitu, na mama mmoja aliyemjua dada tangu ujana aliweka kiganja mdomoni. Mkono wa dada ulibaki begani kwa mtoto. Mtoto alitazama mbele, shingo imenyooka, kama alivyofundishwa.

"Umenikanyaga kisigino," dada aliniambia kwa sauti ya chini, nusu ya njia.

"Samahani."

"Usirudi nyuma."

Sikurudi. Mtoto alipokea. Wengine walirudi kwa njia ya katikati. Sisi tulipita kando, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa watu, mpaka tukafika mlango mdogo ulio karibu na sakristia. Nje aliketi kwenye ngazi, akaniomba kanga yake.