Ukumbi wa Mabinamu

Jepkosgei ndiye aliyeuona ukoo ule wa Kiskoti kwanza, na hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote. Alikuwa akimvisha soksi Bibi Isobel, katika nyumba ya wazee anakofanya kazi huko Scarborough, Toronto, akaona kitandani shali ya miraba ya kijani na zambarau. Akaduwaa. Blanketi la gogo, nyanya yake Tapsubei, kule Nandi Hills, lilikuwa na miraba ile ile. Gogo aliishi miaka mingi na meneja wa shamba la chai, Mskoti aitwaye Alasdair MacDurran, akamzalia mabinti wawili, Rael na Naomi. Uhuru ulipokuja Mskoti akafunga virago, akaacha blanketi.

Bibi Isobel naye alikuwa MacDurran, miraba ile ikiwa alama ya ukoo wao, na kwa maneno hakuwa mchoyo. Alisimulia jinsi wazee wake walivyofukuzwa kisiwani kwao ili kondoo wa tajiri wapate malisho, jinsi walivyovuka bahari na njaa zao, na kwamba hiyo Mac ni "bin" tu. Zamani, alisema, hata asiye na damu yao, akila unga wa chifu na kulichukua jina, alihesabiwa ndugu. Kila mwaka walifanya karamu hapa Toronto. Mgeni husimama, hutaja nasaba yake, na ukumbi mzima humwitikia: "Binamu!"

Jepkosgei hakumwambia kitu. Alitaka wasikie siku yenyewe. Alipopanda basi tu, akampigia simu Lisa wa Brampton, mji wa jirani, binti ya Naomi. Baba yake Lisa alikuwa Mgoa, kwa hiyo Lisa alitoka mweupe, nywele za kuteleza; Jepkosgei alitoka mweusi kama gogo. Lakini kwa Wanandi watoto wa dada wawili hawaitani binamu. Ni ndugu, basi. Gogo aliwabeba wote wawili mgongoni kwa blanketi lile lile.

Wakaahidiana kwamba watasimama na kumtaja gogo. Maisha yake yote hakuna aliyemwita mke wa mtu. Shambani walimwita mpishi wa bwana, naye akazikwa na jina hilo.

Sketi ya miraba aliyovaa Lisa siku ya karamu aliishona Jepkosgei. Mlangoni alisimama mwenyekiti wao, Dean, mtu mnene mwenye bashasha. Mchina mmoja aliyeoa kwao alipokewa kama binamu. Mpiga zumari, wa kukodiwa, binamu. Lisa akakumbatiwa mpaka sketi ikapinda.

"Na huyu?" Dean akauliza.

"Rafiki yangu," Lisa akajibu. "Amenisindikiza."

Jepkosgei alidhani masikio yamemdanganya. Walipoketi akamwinamia.

"Lisa, mimi ni rafiki yako?"

"Kosgei, please. Wacha tu leo. Nitawa-explain pole pole."

"Na gogo?"

"Nitamtaja, si nimesema?"

Zamu yake ilipofika Lisa akasimama, sauti tamu kabisa. "Mimi ni Lisa, binti ya Naomi, binti ya Alasdair MacDurran na mkewe, Margaret."

Margaret! Mwanamke aliyebaki Uskoti, aliyejulikana Nandi kwa picha tu, picha ambayo gogo ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

"Binamu!" ukumbi ukanguruma.

Jepkosgei angetaka, angesema neno moja, na Lisa angeumbuka mbele ya watu wote. Kabla hajaamua, Bibi Isobel akamnyooshea kidole kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Na huyu anayenivisha soksi, jamani, hana watu?"

Akasimama. "Mimi ni Jepkosgei, binti ya Rael, binti ya Tapsubei."

Akaishia hapo. Jina la Mskoti hakulitaja, akawaachia.

Ukumbi ukangoja kwa adabu, watu wakitazamana, wakisubiri jina wanalolijua. Jepkosgei hakuwa akiwangoja wao. Alimtazama mtu mmoja tu, aliyelijua jina la Tapsubei, aliyelala usingizi wake wa kwanza mgongoni mwake. Lisa akashika glasi ya maji akanywa, na ilipokwisha akaendelea kuinywa vivyo hivyo, tupu.