Maji ya Mwezi wa Kumi

Walisema sitajenga kiangazi. Newala watu hujenga mvua zikishaanza, visima vya uani vikiwa vimejaa maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati, na mtu akitaka kumwagilia tofali zake anachota hapohapo. Mimi nilirudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa saba, stashahada yangu ya ujenzi ikiwa ndani ya bahasha ngumu, nikatangaza kwamba mvua ya kwanza itanikuta nimeshaezeka.

Mjomba wangu alicheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Injinia," alisema, maana tangu nirudi hakuniita tena kwa jina, "zege utachanganya kwa mate?"

"Kwa maji, mjomba."

"Maji ya wapi? Yale yaliyoandikwa kwenye cheti?"

Waliokuwa naye wakapigana viganja. Mmoja akasema nitakimbia kabla korosho hazijaanza kuanguka. Mwingine akasema nitaishia kwenye msingi, na mbuzi watapata pa kulala.

Naandika haya bila kuona haya: niliweza. Baada ya kumaliza sekondari ya Chidya nilibeba zege mchana na kusoma jioni, miaka sita, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia hata ada ya muhula mmoja. Nyumba yangu ipo, vyumba vinne na baraza, na anayetaka aje na timazi lake aliweke kwenye pembe yoyote. Ukuta umenyooka. Ninachotaka kueleza ni maji yaliyoujenga.

Tofali la saruji halihitaji maji siku ya kuchanganywa tu. Lazima ulimwagilie siku saba, asubuhi na jioni, la sivyo linakauka juu na kubaki unga ndani. Mwezi wa nane bomba la mtaa wetu lilikuwa halitoi hata upepo. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuazima. Kwetu kuazimana maji ni jambo la kawaida, dumu moja au mawili, mgeni akifika au msiba ukitokea. Mimi niliazima ya kujengea. Nyumba tano zilinikubalia, na iliyonipa mengi kuliko zote ilikuwa ya bibi jirani yangu, mjane anayeishi na mjukuu wake mmoja wa kike.

Nilimpa ahadi. "Shikamoo, bibi. Naagiza boza la maji kutoka Masasi. Likifika, kisima chako ndicho cha kwanza kujazwa."

"Marahaba. Chota, mjukuu wangu. Ntu akijenga tunafurahi wote."

Vijana wangu walichota wiki tatu. Mwishoni ndoo ilikuwa inakwangua sakafu ya kisima, nasi tunachuja tope kwa kitambaa.

Boza lilifika kweli. Lilifika mwanzoni mwa mwezi wa kumi, alfajiri, kwa barabara ya nyuma kama nilivyomwelekeza dereva. Jana yake tulikuwa tumemwaga zege la lenta, ule mkanda unaofunga nyumba nzima juu ya milango na madirisha, na jua la mwezi wa kumi halimsubiri mtu. Nilisimama pale na mpira wa maji mkononi. Nilikuwa na muda wa kufikiri, sitasema sikuwa nao. Nikajaza mapipa yangu yote, nikalowesha lenta mpaka ikatiririka, na dereva akaondoka na boza tupu.

Asubuhi ile nikawapitia wote watano kuwaambia boza limeharibikia njiani, kwenye kupanda mlima.

Bibi alisema, "Pole, baba. Vyombo vya moto ndivyo vilivyo."

Baada ya wiki mbili akachukua ndoo, akafuatana na wanawake wa mtaa kushuka bondeni, kwenye chemchemi zilizo upande wa Ruvuma. Ni njia ya mawe, na yeye alikuwa hajaishuka kwa miaka mingi, tangu achimbiwe kisima chake. Wakati wa kupanda akateleza. Ndoo ikamwagika na kifundo cha mkono wake wa kulia kikavunjika. Nilipata habari nikiwa juu ya paa, napigilia bati. Nilishuka, nikampelekea sukari na pole, kisha nikarudi nikapigilia bati lililobaki.

Mvua ya kwanza ilinikuta nimeezeka. Mjomba alikuja akazunguka nyumba mara mbili, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Haya, Injinia. Umetunyamazisha." Ndiyo sentensi niliyoingoja kwa miaka yote ile. Niliisikia, na haikunipa furaha.

Hofu ilianza na ndoo. Mtu akipita barabarani ndoo yake ikagonga ukuta, moyo wangu unaruka. Halafu nikawa nakagua mfuniko wa kisima changu: natoka, nafika barabarani, narudi kuutazama, natoka tena, narudi tena. Kwenda sokoni nilikuwa nazunguka nyuma ya ofisi za serikali ili nisipite mlangoni kwa bibi. Ugali ukawa haupiti kooni. Siku moja nilikuwa juu ya jukwaa kwenye kazi ya mteja, nimening'iniza timazi, nikaona uzi unayumba ingawa upepo haukuwepo. Nilichelewa kutambua kwamba ni mkono wangu. Kifua kikanibana, nikakaa juu ya mbao nikiwa na hakika kwamba nakufa, na mafundi chini wanauliza, "Bosi, tulete tofali au tungoje?"

Hospitali walinipima presha na moyo, wakasema niko salama. Mke wangu ndiye aliyesikia tangazo kanisani kwamba kuna mama wa ushauri kule Masasi, anapokea watu siku ya Alhamisi.

"Mimi?" nilimwambia. "Mtu mwenye stashahada nikaelezwe namna ya kuishi?"

"Baba watoto, stashahada yako haijala chakula siku ya tatu hii."

Nikaenda. Mtaani niliaga kwamba nafuata nondo, na kila mara nilirudi na nondo mbili tatu begani ili uongo uwe na ushahidi. Nondo zile ninazo mpaka leo.

Mama mshauri alikuwa muuguzi kabla ya kusomea ushauri wa Kikristo. Anatokea Chiwata, ana mikorosho yake, na siku ile ya kwanza vidole vyake vilikuwa na madoa ya mabibo ambayo sabuni ilishindwa kuyatoa. Chumba chake kiko nyuma ya kanisa, viti viwili na meza. Nilitegemea nikemewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wasiwasi si dhambi na wala hauoneshi kwamba imani yangu ni ndogo.

"Ukiugua malaria nitakuombea," alisema, "lakini dawa pia nitakupa. Hapa ni hivyohivyo."

Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kuvitaja kimoyomoyo vitu vitano ninavyoviona. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Mfuniko wa kisima, alisema, ukague mara moja, useme kwa sauti "nimeufunga," na ukitamani kurudi usimame palepale mpaka tamaa ipoe. Aliniambia niigawe karatasi ya daftari: upande mmoja hofu, upande mwingine jambo ninaloweza kulifanya leo. Na sala yangu, ambayo ilikuwa ndefu yenye maombi mengi, akaifupisha. "Sema tu, Bwana, niko hapa. Kisha nyamaza naye kidogo."

Vilinisaidia. Sitamdhulumu yule mama kwa kusema havikunisaidia. Nilianza kula, nikapanda jukwaa tena, nikaacha kurudi kukagua mfuniko. Lakini kwenye daftari lile niliandika habari za wateja, bei ya saruji, ada za watoto. Bibi sikumwandika. Mlangoni kwake sikupita.

Mwezi wa kwanza, visima vya Newala nzima vikiwa vimejaa, nikaona nimalize jambo. Nilikodi pikipiki ya matairi matatu, nikapakia madumu, nikapita kwa wote watano mchana kweupe, watu wakiona. Nilitaka waone. Kwa bibi nilishusha madumu mengi kuliko nilivyochota, na nikalisema hilo kwa sauti.

Alikuwa amekaa barazani, mkono umefungwa kitambaa cha kanga. Mvua ilikuwa inanyesha. Kisima chake kilikuwa kinamwaga maji pembeni, na gata la bati linaendelea kuleta mengine.

"Ahsante, baba," alisema. "Mimina hapo kwenye mgomba. Ndani hapana nafasi."

Mjukuu wake akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Nilimimina maji yangu kwenye mgomba uliokuwa umelowa, dumu moja baada ya jingine, kwenye mvua. Kabla sijafika kwangu kifua kilikuwa kimeshanibana.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia mama mshauri kwamba mbinu zake zimeacha kufanya kazi. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini hofu iliporudi. Nikamweleza kuhusu madumu, kwa kujisifu kidogo, kwamba mimi si mtu wa kudaiwa.

"Maji uliyaazima mwezi gani?"

"Wa nane, wa tisa."

"Na umeyarudisha Januari."

"Na mengi kuliko niliyochukua."

"Baba, mimi ni mtu wa huku. Maji ya Januari hata bata anayo." Hakucheka. "Kuna kitu hujaniambia."

Ndipo nikamwambia kuhusu boza. Dereva, alfajiri, lenta, ule uongo wa kuharibika njiani, na ndoo iliyomwagika bondeni. Nililia mbele yake, mimi, na nondo zangu ziko nje zimeegemea ukuta wa kanisa.

Alinipa kitambaa nijifute. Kisha akasema, "Nimekuwa nakufundisha kutuliza hofu, na hofu unayo, tutaendelea nayo. Lakini hili ni kosa. Halitulizwi kwa pumzi."

"Mungu nimeshamwomba msamaha, mama. Kila siku."

"Na bibi?"

"Bibi hajui."

"Sikukuuliza kama anajua."

Nikamwomba aje nami Newala, au amtume mchungaji azungumze kwa niaba yangu. Akakataa. Alikubali tu kuomba pamoja nami kabla sijaondoka, na sala yake ilikuwa fupi: nipewe miguu ya kufika na mdomo wa kusema, basi.

Ilinichukua wiki mbili. Nilipofika kwa bibi nilimkuta anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, polepole. Nikakaa kwenye kigoda, nikakanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Niliona ungo, kuku, kanga kwenye kamba, jembe, mkono wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Bibi, lile boza halikuharibika."

Aliendelea kuchambua. "Najua."

"Unajua?"

"Boza liingie Newala kiangazi, ntu asilisikie? Lilipita nyuma ya choo changu. Nkasema, labda la mwingine. Kisha nkaona lenta yako inachuruzika maji."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema nini, wewe?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Miezi yote hii unazunguka huko maofisini kama mwizi wa kuku. Nlikuwa nakungoja. Nlitaka uje mkono ukiwa bado unauma, nikuambie ukiwa unauma. Sasa umepoa, maneno yenyewe nimeyasahau."

Nilimwomba msamaha. Sikuusikia ukitoka mdomoni mwake. Alisema mkono ule haushiki mchi tena, mjukuu ndiye anayetwanga, na anachelewa shule. Kisha akasema, "Maji yangu yalikuwa ya kiangazi. Njoo mwezi wa kumi."

Mvua zilizobaki nilichimba kisima cha pili, nikakisakafia mwenyewe, nikaelekeza humo gata la upande mrefu wa nyumba. Kikajaa. Hakuna aliyekigusa. Kufikia mwezi wa tisa watoto wangu walikuwa wanaoga kwa kopo moja, na mke wangu akauliza kama kile kisima ni cha maji au ni cha kutazama. Nikamwambia kila kitu, pamoja na nondo. Akachukua jembe akaenda shambani. Jioni akasema, "Basi na sisi tutabeba."

Hofu haikuondoka miezi ile. Niliota kisima kimepasuka. Nilikikagua mara moja kwa siku, nikasema kwa sauti kwamba nimekifunga, nikaenda kazini. Siku nyingine nilikikagua mara mbili, nikamweleza mama mshauri, naye akasema kesho nianze tena na ile moja.

Mwezi wa kumi, bomba likiwa kimya na watu wameanza kushuka bondeni, nikakifunua kile kisima cha pili. Sikukodi chombo. Tulibeba mimi na mke wangu, dumu mkononi na dumu kichwani, kuanzia asubuhi. Nyumba nne kwanza, kwa kuwa wote wanne niliwadanganya pia, na kila mlangoni nilisema la boza kabla ya kushusha mzigo. Mmoja aliniambia nina moyo. Mmoja alipokea maji bila kunijibu salamu. Mjomba, ambaye hakuwahi kunikopesha hata kikombe, alikuwa amekaa njiani kwenye kibaraza chake. Aliona tunapita mara nyingi, akainuka akanipokea dumu moja na kutembea nalo hatua chache kabla mgongo haujamshinda.

Kwa bibi tulifika mwisho, shati limeniganda. Kisima chake kilikuwa na maji ya kufunika sakafu tu. Nilimimina, narudi kwangu, namimina. Yeye alikaa pembeni kwenye kigoda akitazama maji yanavyopanda ukutani. Yalipofika kwenye mstari wa tope ambao vijana wangu waliukuta siku ya kwanza ya kuchota, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Hapo," alisema. "Yalikuwa hapo."

Nikaweka dumu chini. Nilimwambia ahsante, na nikamwomba msamaha tena. Akaitikia kwa kichwa, sijui alikuwa anaitikia lipi. Kisha akaniambia niufunge mfuniko kabla sijaondoka, maana ni wa zege, na mkono wake hauuwezi.

Nikauinua kwa mikono miwili, nikaufunga.