Povu Mkono wa Kushoto

Hakuna atakayesadiki kisa hiki, lakini kaeni. Kinyozi wetu, mpwa wangu huyu, ana mikono inayotangulia kichwa. Hukata nywele kabla mteja hajasema anataka mtindo gani, na kwenye pombe huwa ameshamaliza glasi ya kwanza wenzake wakiwa bado wanavuta viti. Mwezi uliopita alirudi kazini amelewa, akamchana mteja sikio. Mwenye duka akamwambia, "Siku nikikunusa tena, niachie ufunguo." Tangu hapo, akiwaona marafiki zake wanakuja, anajipaka povu la sabuni mkono wa kushoto, ule usioshika wembe, mpaka kwenye kiwiko.

Jana walimletea chupa akiwa anamnyoa bwana harusi, koo la mtoto wa watu liko wazi chini ya wembe. Mkono wa kushoto ukaruka wenyewe kama kawaida yake, ukaidaka chupa, chupa ikateleza kama kambale. Wakacheka. Yeye akakitazama kiganja kitupu, akashusha pumzi, akamwinamia mteja. "Bwana harusi, masharubu tubakishe?" Akangoja jibu, yeye ambaye hata chai haisubiri ipoe. Na ile chupa sasa, ikapaa, ikatoka dirishani, ikavuka barabara, ikamgonga askari kwenye…

"Iliangukia ndoo ya taulo, mjomba. Tuliza shingo, nisije nikakukata. Haya, na wewe masharubu tubakishe?"